Mwana wa Aya ya Sita

Kwenye kila fomu niliyowahi kujaza, pale penye jina la baba, nimeandika jina la mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Nililiandika shule ya msingi, nikaliandika sekondari, chuo cha ualimu, na mwisho kwenye fomu ya ajira ya serikali. Sikuona tatizo. Nyumbani kwetu, upande wa Nyamwaga, mtu huyo alitajwa kila siku kama walivyotajwa baba za wenzangu: shamba lake, ng'ombe wake, mke wake, yaani mama yangu. Tofauti ilikuwa moja tu, kwamba baba za wenzangu walionekana.

Najua kuna msomaji ameshakunja uso, kwa hiyo nieleze. Bibi yangu aliolewa, akazaa mabinti wawili, wakaolewa wakaenda zao, kisha mumewe akafariki. Mtoto wa kiume hakupata. Kwetu Wakurya mwanamke wa namna hiyo anaruhusiwa kutoa ng'ombe akaoa. Tunaita nyumba ntobhu. Anamwoa binti wa watu, na binti huyo anakuja kama mkwe, mokamona, mke wa yule mtoto wa kiume ambaye ilipasa awepo. Watoto watakaozaliwa ni wa mwana huyo, na ni wajukuu wa bibi. Boma linaendelea. Hivyo ndivyo mama alivyofika kwa bibi akiwa na miaka kumi na saba, na hivyo ndivyo nilivyozaliwa mimi na wadogo zangu wawili.

Mwanaume aliyenizaa namfahamu vizuri. Alikuwa fundi wa baiskeli, na nilipokutana naye njiani nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kila mtu akashika njia yake. Hakuna aliyekuwa na kinyongo. Simtaji hapa kwa ubaya. Namtaja ili ieleweke kwamba nilijua. Nilijua siku zote ni nani alinizaa na ni nani baba yangu, na mambo hayo mawili hayakuwahi kugongana kichwani mwangu hadi nilipokaa kwenye benchi la Mahakama Kuu, Musoma.

Kilichotupeleka Musoma kilikuwa dhahabu, ingawa sisi hatukuwahi kuigusa. Watu walianza kuchimba ng'ambo ya korongo lililopakana na shamba letu, na ndani ya wiki mbili ikawa rashi, watu wanamiminika kutoka kila upande. Nilikuwa nafundisha Natta wakati huo, wilaya ya Serengeti, na nilipokuja likizo sikulitambua korongo. Kulikuwa na maduara ya kuchimbia yaliyozungushiwa turubai, karasha zinasaga mawe tangu asubuhi, akina mama wanauza ugali na samaki waliokaangwa, na vijana wa Sirari waliokuja na shilingi za Kenya wakidhani ni soko kama masoko mengine. Nguo zilizoanikwa zilikuwa zinashika vumbi la mawe kabla hazijakauka. Bibi hakupendezwa, lakini alizoea, na aliuza ndizi zake bila kulazimika kwenda mnadani.

Baada ya vijana zikaja leseni, na baada ya leseni ikaja habari kwamba eneo lote la kando ya korongo litatwaliwa na watu watalipwa fidia. Hapo ndipo watu walipoanza kutegesha. Anayejua kutega panya anajua maana yake. Unasimamisha kibanda usiku na mchana, miti na udongo na bati tatu, huweki mlango kwa sababu hakuna atakayelala humo, unapanda miche ya miti iliyobanana kama nywele, halafu unakaa mkao wa kula kusubiri mthamini. Nyumba ya namna hiyo yenyewe inaitwa tegesha. Zilijaa. Majirani zetu walitegesha, na mtu mmoja wa ukoo wetu alitegesha nyumba nne kwenye eneo ambalo ungeweza kuanika mtama tu. Bibi hakutegesha. Sisemi alikuwa mwema kuliko wao. Ni kwamba hakuamini kuna mtu atakayelipia nyumba isiyo na moto jikoni.

Sasa mimi, katika likizo iliyofuata, nikapeleka mabati. Nyumba ya mama ilikuwa ya nyasi na ilivuja kwa miaka mingi, na mshahara wa ualimu, ukiubana, mwishoni unatoa bati. Tukaezua nyasi, tukaezeka, tukapiga na lipu mbele. Ilipendeza. Ilipendeza kuliko ilivyotakiwa, maana wathamini walipopita mwezi uliofuata waliona boma la zamani lenye nyumba moja inayong'aa, na kijana mwenye fomu akamuuliza mama maswali. Hii nyumba ya nani? Ya mume wangu. Mume wako yuko wapi? Hayupo. Atarudi lini? Mama akacheka, kwa sababu hakuwahi kuulizwa swali kama hilo. Kijana akamuuliza bibi ana watoto wangapi wa kiume, na mtu wa kijiji aliyefuatana nao akajibu kabla bibi hajafungua mdomo: hana. Kijana akaandika. Wakahesabu migomba, wakahesabu makaburi, wakapata moja, la babu, wakaondoka.

Barua ilikuja baada ya muda. Siandiki hapa ilitoka ofisi gani. Ilikuwa na muhuri na hiyo ilitosha. Ilisema makazi yaliyo kwenye orodha iliyoambatanishwa yamebainika kuwa tegesha, hayatalipwa, na wenyewe wanatakiwa waondoke ndani ya siku thelathini, vinginevyo yatabomolewa. Boma la bibi lilikuwemo lote, nyumba yake na ya mama, kwa sababu zilihesabiwa pamoja. Mbele ya jina la mama kulikuwa na maneno mawili: kaya hewa. Tulishazoea kusikia wafanyakazi hewa, wale wanaolipwa mshahara na hawapo. Kumbe na familia inaweza kuwa hewa. Nilisoma maneno hayo nikiwa nimesimama mlangoni, mama akiwa mbele yangu anapepeta mahindi, na nakumbuka niliiangalia mikono yake. Sikukasirika. Watu wananiuliza kama nilikasirika na ninawajibu ukweli, nilikufa ganzi tangu siku hiyo na ganzi yenyewe ilikaa muda mrefu.

Mabati niliyapeleka mimi. Hilo nalo nililijua palepale.

Tulienda kwa wakili Tarime mjini. Ofisi yake ilikuwa nyuma ya duka la vitambaa la shemeji yake, na yeye alikuwa mtu wa Pwani, Mwislamu, mzee wa makamo mwenye sauti ya upole na Kiswahili kilichotufanya sisi tujisikie tunapasua kuni. Alimwita bibi bi mkubwa. Bibi hakujua Kiswahili zaidi ya salamu na bei, kwa hiyo nilikaa katikati yao, na kazi yangu katika kesi ile nzima ilikuwa hiyo, kukaa katikati. Bibi alikuwa mwombaji wa kwanza na mama wa pili; mimi nisingeweza kuwa mlalamikaji. Mwalimu wa serikali anayeishtaki serikali hatafutiwi sababu nyingine ya kuhamishwa.

Wakili alisoma barua mara mbili. "Serikali ina haki ya kutwaa ardhi," alisema, "lakini ina utaratibu wake, na utaratibu huo imejiwekea yenyewe. Je, kuna aliyewaita mkajieleza kabla hamjaitwa tegesha?"

"Hakuna," nikasema.

"Mlioneshwa hesabu ya mthamini? Mlitia sahihi?"

"Hapana."

"Basi hatuendi kule kuomba fidia. Tunaenda kuiomba Mahakama Kuu iifute barua hii, kwa kuwa aliyeiandika hakuwa na uwezo wa kuiandika namna hii. Jaji hataangalia kama bi mkubwa anastahili kupewa chochote. Ataangalia kama alihukumiwa bila kusikilizwa."

Nilimtafsiria bibi. Alisema huyu mtu anaongea vizuri, tumwambie kila kitu. Tukamwambia kila kitu, na hapo ndipo nilipoharibu.

Ombi la aina hiyo linaenda na kiapo, na kiapo alitakiwa akitoe bibi kwa maneno yake, aya kwa aya. Bibi akasema yeye ni mwenye boma. Akasema alitoa ng'ombe akamwolea mwanawe mke. Akamtaja mwanawe kwa jina. Akasema nyumba inayoitwa tegesha ni ya huyo mwanawe, na huyu mwanamke ni mke wake, na hawa ni watoto wake. Mimi nikatafsiri neno kwa neno. Wakili alikuwa anaandika, akanyanyua kichwa.

"Na huyu kijana wake bi mkubwa, yuko wapi?"

"Hayupo," nikasema.

Akaweka kalamu chini. "Inna lillahi," akasema kwa sauti ya chini, akamwinamia bibi kichwa. Bibi naye akainamisha chake. Mimi nikadhani ndivyo watu wa Pwani wanavyomhurumia mtu aliyekosa mtoto wa kiume, nikaona ni mstaarabu kweli. Leo nikikumbuka naona aibu hadi masikioni, lakini sitajitetea. Mtu wa kwetu yeyote angejibu hivyo hivyo.

Kiapo kilipochapwa, aya ya sita ilisema: kwamba nyumba ya pili katika boma ni ya marehemu mwanangu. Neno marehemu nililiona. Nilijiambia ni mambo ya kisheria, maana sheria ina maneno yake, na nilipomsomea bibi kwa Kikurya nilisema mwanao ambaye hayupo. Akakubali. Akachovya kidole gumba kwenye wino akakibonyeza. Chini yake nikatia sahihi kwamba nimemtafsiria kwa usahihi na ameelewa.

Mahakama ikatusikiliza mapema kiasi na ikasema pasibomolewe kitu mpaka ombi liamuliwe. Greda lilikuwa limeshaletwa, likaegeshwa barabarani karibu na shule, watoto wakawa wanalipanda. Nilikuwa naomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, natoka Natta alfajiri, nalala nyumbani, kesho yake nampeleka bibi na mama Musoma. Bibi alivaa viatu vya mama na mama alivaa ndala. Mahakamani kulikuwa na feni na harufu ya sakafu iliyodekiwa.

Wakili wa Serikali alikuwa binti mdogo kuliko mimi, mpole, mwenye mafaili yaliyopangwa vizuri. Hakupiga kelele wala hakutudharau. Alisema ana pingamizi. Alisema katika aya ya sita mwombaji wa kwanza amekula kiapo kwamba alikuwa na mtoto wa kiume ambaye amefariki. Akatoa fomu ya wathamini. Hapa imeandikwa hana mtoto wa kiume. Cheti cha kifo hakuna. Na makaburi katika boma lile yalihesabiwa, mheshimiwa Jaji, lipo moja, na ni la mume wa mwombaji. "Tunauliza tu," akasema, "huyu marehemu amezikwa wapi?"

Jaji akamwangalia wakili wetu. Wakili wetu akageuka kwenye benchi, akaniinamia sikioni.

"Kazikwa wapi?"

"Hajazikwa," nikanong'ona.

"Kwa nini?"

"Hajazaliwa."

Akanyanyuka, akakoroga koroga maneno, akaomba muda wa kushauriana na wateja wake, na Jaji akampa nusu saa. Kwenye korido nikamweleza nyumba ntobhu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza amefumba macho. Hakunigombeza, na ningependelea anigombeze.

"Ungeniambia ile siku ya kwanza," alisema, "ningeliandika likawa ndiyo nguvu yetu. Mila ipo, sheria inaijua. Sasa tumelileta kama uongo."

"Sikujua ni uongo," nikasema.

"Hujui hata sasa," akasema, na hakulisema kwa ukali.

Uamuzi ulisomwa baada ya wiki mbili. Kiapo chenye maelezo yasiyo ya kweli hakiwezi kubeba ombi, kwa hiyo ombi likaondolewa mahakamani. Jaji alisema pia kwamba mkalimani alipaswa kuwa makini. Ombi halikukataliwa moja kwa moja; tungeweza kuleta jingine, mradi tusipitishe miezi sita tangu tarehe ya barua. Wakili akahesabu kwenye kalenda ya simu. Tulikuwa na siku kumi na moja. Na lile zuio la kubomoa likawa limekufa pamoja na ombi.

Bibi akaniuliza nje, "Wamesema nini?"

"Wamesema karatasi ina kosa, iandikwe upya."

"Kosa la nani?"

"Langu."

Akasema basi niandike vizuri. Tukanunua maandazi, tukarudi.

Safari hii wakili alikuja mwenyewe nyumbani. Alikaa kwenye kigoda, akanywa chai ya bibi, akamsomea kiapo kipya aya kwa aya na mimi nikitafsiri, na kila aya alinisubiri nimalize kisha akaniuliza nimesema nini. Nilistahili. Tulifika aya ya sita. Ilisema: kwamba sikujaliwa kupata mtoto wa kiume, kwamba mwana ninayemtaja hakuwahi kuwepo, kwamba mwombaji wa pili nilimwoa mimi mwenyewe kwa mila ya nyumba ntobhu.

Nikatafsiri. Bibi akauliza, "Hayo kasema nani?"

"Ni wewe unasema, bibi."

"Mimi sijasema."

Wakili akaomba nimweleze kwamba ni ukweli tu, hakuna kinachoharibika, mila yenyewe inabaki palepale. Nikamweleza. Bibi akasema ukweli anaujua, ndiyo maana alitoa ng'ombe. Akasema mtu anayesema mwanawe hakuwahi kuwepo, basi mkwe wake ni nani? Na hawa watoto ni wa kuokota? Alininyooshea kidole aliposema watoto. Mwanamke aliyekaa miaka yote hiyo kwenye boma lake kwa jina la mtu, anaambiwa kwa muhuri kwamba hakuja kwa mtu. Alisema hivyo bila kupandisha sauti, akanyanyuka kwenda kuangalia mbuzi. Wakili akamaliza chai. Aliniambia kwamba bila aya ile hakuna ombi, na bila ombi greda litawashwa, na kwamba ataacha karatasi zote mezani na wino wake.

Siku nne zilipita. Nilipaswa kuwa darasani Natta na sikwenda. Nilikaa. Nilimenya ndizi, niliosha vyombo vilivyokuwa safi. Kutoka kwetu greda lilionekana, njano, na siku ya tatu watu wawili walikuja wakalifungua mbele, wakatia oili, wakafunga. Wadogo zangu wakaanza kuhamisha magunia ya mahindi kwa jirani. Mimi nilichokuwa nahisi ni kama mguu ulioukalia vibaya, unaugusa na unajua ni wako, basi. Wakati mwingine nilijiuliza mimi ni mtoto wa nani kama bibi atabonyeza kidole, nikajijibu kwamba nitakuwa mtoto wa fundi baiskeli, na hilo halikunihuzunisha wala kunifurahisha.

Siku ya tano asubuhi bibi aliniita. Alisema, "Mwanangu ni mume wa mtu. Nyie mnaniuliza mimi tu. Mke wake mmemuuliza?"

Ni kweli, hatukuwa tumemuuliza. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anafua. Nikaenda nikamweleza yote, na aya yenyewe nikamsomea, na kwamba ni yeye wa kusema. Aliendelea kukamua shuka mpaka maji yakaisha.

"Nilikuja hapa sijui kupika," alisema. "Bibi yako akaniambia mume wangu hapendi ugali laini. Nikajifunza kusonga ugali mgumu. Mpaka leo nasonga mgumu."

Akaitundika shuka kambani.

"Kama boma linabaki, aweke kidole," akasema. "Mwambie mimi nimeruhusu."

Nikamwambia bibi. Aliingia ndani, akatoka amevaa kitenge kizuri, akakaa mezani. Nilimsomea tena aya ya sita yote kwa Kikurya, kwa usahihi, sikuruka neno. Akachovya kidole. Aliponyanyua mkono, alama ilikuwa imetoka safi kuliko ile ya kwanza. Alikwenda kufuta wino kwa jani la mgomba na mimi nikatia sahihi yangu. Mdogo wangu akapeleka karatasi Tarime kwa pikipiki, na zikawahi.

Asubuhi iliyofuata bibi alikuwa amenyoa nywele.

Alinyolewa na jirani, mwanamke wa rika lake, nje, kwenye kigoda kilekile alichokalia wakili. Nilipotoka nje nilikuta nywele nyeupe chini. Nilielewa palepale, na mama akaelewa, akaingia ndani akakaa sakafuni, akajifunika khanga. Kwetu hakuna anayenyoa hivyo bila msiba. Hadi saa nne majirani walishafika. Hawakuuliza amekufa nani, maana walishajua. Habari za aya ya sita zilikuwa zimefika hadi kwenye maduara. Wanawake walikaa ndani na mama, wakaleta sukari na unga. Wanaume wakakaa nje na wakaongea habari za greda. Wazee wa ukoo walijadiliana kidogo kuhusu kaburi, wakasema mtu wa namna hii hachimbiwi, na bibi hakubishana nao. Alisema mwanawe aliishi miaka mingi bila kusumbua mtu, na yeye mwenyewe ndiye amemtoa duniani. Kisha akalia. Sijawahi kumsikia bibi akilia kabla ya hapo, hata babu alipozikwa, nilivyoambiwa, hakulia hivyo.

Mimi sikulia. Watu walinipa pole na nikawaitikia. Fundi baiskeli alikuja pia, amevaa koti, akanishika mkono kwa mikono miwili akasema pole kwa kufiwa na mzee, nikamshukuru. Alikaa na wanaume hadi alasiri.

Niliporudi Natta nilijaza fomu ya ruhusa ya msiba, maana siku nilizokosa zilihitaji kuelezwa. Penye uhusiano na marehemu nikaandika baba. Mwalimu mkuu alisikitika, akaniuliza kama alikuwa anaumwa, nikasema hapana. Walimu wakaja nyumbani kwangu jioni, tukanywa soda. Mmoja aliuliza alikuwa mtu wa namna gani, nikasema hakupenda ugali laini.

Ombi la pili lilikwenda taratibu, ikapatikana ruhusa ya kufungua shauri, kisha zuio jipya, kisha kusikilizwa, na kuahirishwa, na kusikilizwa. Sitawachosha. Wakili wetu aliongea vizuri sana siku ya mwisho. Alisema serikali haikatazwi kuona tegesha ni tegesha, inakatazwa kuhukumu watu kutoka dirishani mwa gari. Yule binti wa serikali alijibu vizuri naye. Uamuzi ulitoka kukiwa na mvua, nikaenda kuuchukua peke yangu kwa sababu bibi alikuwa na miguu mibaya. Ulisema barua ilitolewa bila watu kusikilizwa na bila mamlaka, kwa hiyo ni batili na inafutwa. Boma libaki. Wakili alipeana mkono na kila mtu koridoni, hata na askari wa mlangoni. Nilijua nilipaswa kufurahi na nikatabasamu. Huko kwenye korongo rashi ilishahama, walisema dhahabu imeisha au imeingia chini sana, na greda lilikuwa limeondolewa kabla hata Jaji hajaandika.

Nilimsomea bibi jioni hiyo, ndani, mvua inapiga mabati ya mama kwa kelele hadi ikabidi nipaze sauti. Nywele zake zilikuwa zimeshaota fupi. Nilimtafsiria ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu nilijifunza kutoruka. Alifurahi pale paliposema boma libaki, akapiga makofi mawili, akamwita mama asikie, mama akaja akasimama mlangoni na mwiko mkononi.

Halafu bibi akauliza, "Na mwanangu, Jaji amesemaje?"

Nikarudi nyuma kwenye karatasi. Alikuwemo. Ukurasa wa tatu ulisema mwombaji wa kwanza ni mjane asiye na mtoto wa kiume, na ukurasa wa tisa ulisema kwamba kuhusu yule aliyetajwa awali kama marehemu, Mahakama haina haja ya kusema lolote, kwa kuwa sasa ni wazi hakuwahi kuwepo. Nilisoma sentensi hiyo kimya mara mbili. Mama alikuwa ananiangalia. Katika kesi ile nzima niliitwa mkalimani asiye makini, kiapo nilichotafsiri kikaitwa cha uongo, na kumbe hadi dakika hiyo nilikuwa sijamdanganya mtu.

"Jaji amesema pole," nikasema. "Amesema pole sana kwa kufiwa na mwanao."

Bibi akatikisa kichwa taratibu. Mama akainamisha macho, akarudi jikoni.

"Ukienda tena," bibi akasema, "mwambie nimeshapoa."